Dawa Yako na Bandari ya Mombasa: Mizigo Hupitaje Wakati wa Vurugu na Kafyu?



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo huenda ukaona halihusiani na afya: bandari. Lakini fikiri kidogo. Kidonge unachomeza asubuhi, chandarua unacholalia, pakiti ya chakula cha tiba anayopewa mtoto mwenye utapiamlo, hata mafuta yanayotiwa kwenye gari la wagonjwa: sehemu kubwa ya vitu hivi ilivuka bahari kabla ya kufika hapa Nakivale. Uganda haina bahari. Mlango wake mkubwa ni bandari ya Mombasa, nchini Kenya. Mlango huo ukikwama, sisi tulio mwisho wa barabara tunaumia, ingawa hatukusikia risasi wala kuona moshi.

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaulizwa swali moja kila dawa zinapopungua: "Dawa zimekwenda wapi?" Wengine husema zimeuzwa sokoni. Wengine husema wakimbizi tumesahauliwa. Kuuliza ni haki yako. Lakini ili uulize vizuri, ni lazima ujue njia ambayo dawa inapita, mahali inapoweza kukwama, na kazi ambayo watu hufanya ili isikwame. Hayo ndiyo tunayoeleza hapa, na mwishoni tunaeleza nini wewe ufanye dawa ikichelewa.

JE, MZIGO HUPITA WAPI?

Wengi wetu tunaijua bandari ya Kalemie, ya Uvira au ya Bujumbura. Bandari ya Mombasa inafanya kazi ile ile, ila ni kubwa zaidi na haifungwi usiku. Tuchukue mfano wa kontena la dawa kutoka India, nchi inayotengeneza dawa nyingi tunazotumia Afrika.

1. Meli inafika na kusubiri nafasi. Nafasi ikipatikana, inafunga kamba kwenye gati.

2. Kreni kubwa inashusha kontena. Hapo kuna dereva wa kreni, makuli, makarani wa kuhesabu, na madereva wa matrekta yanayopeleka kontena kwenye yadi.

3. Wakala wa forodha anashughulikia karatasi. Forodha inakagua. Dawa inahitaji pia kibali cha wakaguzi wa dawa. Siku hizi kazi nyingi ya karatasi inafanyika kwa kompyuta.

4. Kontena linapakiwa kwenye lori au treni na kutoka langoni.

5. Lori linapita Nairobi, Nakuru na Eldoret hadi mpaka wa Malaba, kisha Kampala. Njia hii ni zaidi ya kilomita 1,100.

6. Kutoka ghala kuu, dawa zinagawanywa, zinakwenda Mbarara na Isingiro, kisha kituo chetu cha afya.

Hesabu mikono inayogusa mzigo huo. Ni mingi. Mkono mmoja ukikosekana, mingine yote inasubiri. Hili ndilo jambo la kwanza la kukumbuka: bandari haifanyi kazi kwa sababu kreni inazunguka tu. Inafanya kazi ikiwa watu wanaweza kufika kazini na mzigo unaweza kutoka.

JE, ILIKUWAJE MWAKA 2008?

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, vurugu zilianza na kuendelea hadi mwaka 2008. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Wengine walivuka na kuja Uganda kama wakimbizi. Tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini makubaliano, kwa upatanishi wa Kofi Annan.

Katika wiki hizo, bandari ya Mombasa haikupigwa bomu wala haikuchomwa. Meli zilikuwa zinakuja. Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini?

Tatizo la kwanza lilikuwa barabara. Vijana waliweka mawe na magogo katika sehemu za Bonde la Ufa, na malori mengine yalichomwa moto. Madereva walikataa kuendesha, na walikuwa na haki, kwa sababu katika vizuizi watu walikuwa wanaulizwa kabila lao. Miji kama Kisumu na Nakuru iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku. Dereva aliyezoea kusafiri usiku na mchana sasa alilazimika kusimama jua linapozama.

Tatizo la pili lilikuwa reli. Mwezi Januari 2008 watu waling'oa reli katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Reli hiyo ndiyo iliyokuwa inabeba mizigo kwenda Uganda. Vipande vichache vya chuma viking'olewa mahali pamoja, njia nzima inakufa.

Tatizo la tatu lilikuwa mafuta. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mafuta ya Uganda yalikuwa yanasafiri kwa bomba kutoka Mombasa hadi maghala ya Eldoret na Kisumu, na malori ya Uganda yalikwenda kuyachukua huko. Eldoret na Kisumu ni miji iliyokuwa katikati ya vurugu. Mafuta yalikuwepo, lakini hakuna aliyeweza kuyafuata kwa usalama. Uganda, bei ya petroli ilipanda mara mbili na zaidi kwa siku chache. Rwanda ililazimika kuweka mgao wa mafuta.

Matokeo yake ni kwamba kontena zilishuka melini lakini hazikutoka langoni. Yadi ya bandari ni kama ghala la nyumbani: ukiingiza magunia kila siku bila kutoa, siku moja mlango hautafunguka. Yadi ikijaa, kreni haina mahali pa kuweka kontena jipya, na meli inasubiri. Kila siku ya kusubiri inalipiwa, na gharama hiyo mwishoni humwangukia mnunuzi wa sabuni na mafuta ya kupikia. Shirika la Chakula Duniani, WFP, lililokuwa linaitumia Mombasa kulisha watu Uganda, Sudan ya kusini na mashariki ya Congo, lilipata malori yake yamekwama.

JE, WATU WA BANDARI HUFANYA NINI ILI KAZI ISISIMAME?

Kuna hatua ambazo bandari huchukua wakati kama huo. Si miujiza. Nyingine ni mambo ambayo hata sisi tunaweza kuyaelewa kwa mfano wa zahanati yetu.

• Kubadili zamu. Bandari kubwa hufanya kazi saa 24 kwa zamu. Kafyu ikianza saa 1 jioni, mtu wa zamu ya jioni hawezi kurudi nyumbani usiku wa manane. Kwa hiyo zamu hupangwa upya ili watu wabadilishane kabla ya kafyu na baada ya kafyu. Wa usiku huingia mapema na kutoka asubuhi.

• Kulala kazini. Wengine hukaa ndani ya bandari kwa siku kadhaa. Hapo ni lazima wapewe mahali pa kulala, chakula, maji na choo. Mtu aliyechoka akiendesha kreni anaweza kuua wenzake, kwa hiyo kupumzika si anasa.

• Vibali na basi. Mfanyakazi hupewa kibali chenye jina na picha, na basi moja huwachukua kwa njia inayojulikana na polisi. Kibali bila basi hakitoshi. Mtu akitembea peke yake gizani anaweza kupigwa kabla hajakitoa mfukoni.

• Kutosahau watu wa karatasi. Hili husahaulika mara nyingi. Makuli wanaweza kuwa kazini wote, lakini kama ofisa wa forodha, wakala, mkaguzi wa dawa na karani wa benki wamezuiwa nyumbani, kontena halitoki. Kibali lazima kiwafikie wote hao.

• Kuchagua kitakachotoka kwanza. Malori yakiwa machache, dawa, chakula na mafuta hutangulizwa. Magari ya kuuza na vigae vya nyumba vinaweza kungoja.

• Kulinda umeme. Kontena za baridi zinazobeba chakula na baadhi ya dawa zinahitaji umeme muda wote. Jenereta na dizeli ya akiba huwekwa mapema.

• Kuhamisha mizigo kwenye bandari kavu. Hii ni yadi iliyo mbali na bahari, kama ile ya Embakasi, Nairobi. Inasaidia kupunguza msongamano gatini, ikiwa njia ya kufika huko ni salama.

• Misafara ya kusindikizwa. Mwaka 2008 malori yalikusanywa na kwenda kwa pamoja chini ya ulinzi wa polisi na wanajeshi. Msafara ni wa polepole, kwa sababu wote wanamngoja wa mwisho. Lakini unafika.

• Kutumia njia nyingine. Mizigo ya Rwanda, Burundi na hata Uganda inaweza kupitia Dar es Salaam. Njia hiyo ni ndefu kwa baadhi ya mizigo, na mzigo ulio tayari Mombasa hauwezi kuruka kwenda huko. Ni lazima uamue mapema, kabla meli haijafika.

Katika yote haya, kumbuka kwamba wafanyakazi hao nao wana watoto nyumbani. Wanaacha familia zao katika mitaa yenye vurugu ili waje kushusha mzigo wa mtu wasiyemjua, aliye nchi nyingine.

JE, TULIJIFUNZA NINI WAKATI WA CORONA?

Sisi sote tunaikumbuka kafyu ya mwaka 2020. Kenya ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Uganda nayo ikafuata siku chache baadaye. Haikuwa vurugu, ilikuwa ugonjwa, lakini swali la bandari lilikuwa lile lile.

Safari hii serikali zilifanya jambo moja zuri tangu mwanzo: magari ya mizigo yaliruhusiwa kupita wakati wa kafyu. Hata hivyo mzigo ulichelewa. Kwa nini? Kwa sababu madereva walipimwa Corona mpakani, na majibu yalichukua muda. Malaba kukawa na foleni ya malori ya kilomita nyingi. Ona basi: ukifungua njia mahali pamoja na kuibana mahali pengine, mzigo utasimama palipobanwa. Baadaye nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia mfumo wa kompyuta wa kufuatilia madereva na cheti cha majibu kinachotambuliwa na nchi zote.

Dar es Salaam pia imepita katika hali hii karibuni. Baada ya vurugu za siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025, jiji hilo liliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Pale ambapo karatasi za mzigo zinakwenda kwa kompyuta, kuzima intaneti ni sawa na kufunga lango moja. Bandari inayojiandaa vizuri huweka njia ya kufanya kazi kwa karatasi za kawaida, kwa mihuri na sahihi, hadi mtandao urudi.

JE, BANDARI IKISHINDWA KABISA?

Tuangalie mfano wa mbali, nchi ya Haiti. Mwisho wa Februari 2024 magenge yenye silaha yalishambulia mji mkuu, Port-au-Prince. Serikali iliweka kafyu. Tarehe 7 Machi, kampuni inayoendesha bandari ilisimamisha kazi kwa sababu ya uporaji. Siku chache baadaye UNICEF ilitangaza kwamba kontena lake moja kati ya 17 yaliyokuwa bandarini limeporwa. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya akina mama na watoto wachanga, vikiwemo vifaa vya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua.

Aliyevunja kontena hilo hakupata dhahabu. Lakini mtoto aliyezaliwa bila kulia katika hospitali ya mji huo alikosa kifaa. Ndiyo maana tunasema ulinzi wa bandari ni jambo la afya.

JE, HII INATUHUSU VIPI HAPA NAKIVALE?

Inatuhusu kwa sababu ya muda. Vurugu zikitokea Mombasa leo, kituo chetu hakitakosa dawa kesho. Kuna dawa za akiba hapa, Mbarara na Kampala. Upungufu unaweza kuonekana wiki kadhaa baadaye, wakati redio imeshaacha kuzungumzia vurugu hizo. Ndipo mtu anaposema, "Barabara imefunguliwa zamani, mbona dawa hakuna? Basi zimeibwa." Kumbe mzigo uliokosa kuondoka wakati ule ndio tunaoukosa sasa.

Hatusemi kwamba wizi haupo duniani. Tunasema ulizeni kwa kujua. Haya ni maswali mazuri ya kumwuliza msimamizi wa kituo au kiongozi wa afya katika mkutano wa jamii:

1. Ni dawa gani hasa imepungua, na kuna nyingine inayofanya kazi ile ile?
2. Mzigo umekwama wapi: bandarini, mpakani, Kampala au njiani kuja hapa?
3. Akiba iliyopo inatosha kwa muda gani, na nani atatangulizwa?
4. Tutapata habari lini tena?

Kiongozi anayejibu maswali haya waziwazi anazuia uvumi, na uvumi ukizuiwa watu hawaachi matibabu yao.

UFANYE NINI DAWA IKICHELEWA?

Hapa ndipo maisha yanapookolewa au kupotea. Soma kwa makini, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

• Unayetumia ARV: usigawane vidonge na mwenzako, na usikate dozi ili "zifike mbali". Dozi pungufu inakipa kirusi nafasi ya kuzoea dawa. Njoo kituoni mapema, wakati bado una vidonge vya siku kadhaa. Usingoje kopo liishe.

• Unayetibiwa kifua kikuu: usiache hata kama kikohozi kimekwisha. Ukiacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na ukawaambukiza watoto wako.

• Mwenye kifafa: kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma. Ukibakiwa na vidonge vichache, toa taarifa siku hiyo hiyo.

• Mwenye sukari anayejidunga insulini: usiruke sindano bila kuongea na muuguzi. Kama huna friji, weka insulini ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga uliolowa, kivulini. Usiiache juani.

• Mwenye presha: usitumie kidonge cha jirani. Ugonjwa wenu unaweza kuwa na jina moja na dawa tofauti.

• Mama mwenye mtoto anayepewa chakula cha tiba cha karanga: pakiti hizo ni dawa ya mtoto huyo. Najua ni vigumu kumpa mmoja wakati wengine wanatazama. Lakini ukigawa, mtoto mgonjwa hatapona, na wengine hawatashiba. Mgao ukipungua, mlete apimwe mkono na uzito, usikae nyumbani.

• Mwenye mtoto anayeharisha: kama pakiti za ORS hazipo, pima lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa. Koroga, mpe kidogo kidogo, na umpeleke kituoni.

• Sote: usinunue dawa zilizotandazwa chini sokoni kwa sababu kituo kimechelewa. Wakati wa uhaba ndio wakati wa dawa bandia na zilizokwisha muda.

Na jambo la mwisho. Kama makuli wa Mombasa wanavyopanga zamu kabla giza halijaingia, nasi tupange kabla dawa haijaisha. Jua tarehe yako ya kurudi kliniki. Weka kadi yako mahali pakavu. Mweleze mtu mmoja nyumbani ni dawa gani unatumia, ili ukishindwa kutembea akufuatie. Wahudumu wa afya wa kujitolea tuko katika kila kijiji cha kambi, na ukituambia mapema umebakiwa na vidonge vingapi, tunapeleka taarifa kituoni kabla akiba haijagawanywa.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Lakini kwa dawa ya kila siku, mapema ina baraka.